Shuka la Kaisari

Pigo la kwanza lilimpata kaka yangu begani, na wazazi wakapiga makofi. La pili likatua mgongoni. La tatu niliusikia mlio wake juu ya makofi yote, mlio mkavu wa mti kwenye mfupa, nikajua kwamba igizo limeisha na watu hawajaambiwa.

Mimi nilikuwa nimesimama juu ya dawati. Nilikuwa Minerva, mungu wa kike wa vita, kichwani nimevaa chujio la jikoni na mkononi nimeshika bundi wa boksi. Pembeni yangu Neptuni, mungu wa bahari, alikuwa na reki ya mtunza bustani badala ya mkuki wa meno matatu, na reki ile ilikuwa na meno mengi kuliko yake mwenyewe. Mwalimu wa historia alikuwa ameligeuza darasa letu kuwa Roma ya kale, kila mwanafunzi na vazi lake, wazazi wakaalikwa kutazama.

Kaka alipewa Kaisari kwa sababu ya mwili wake. Alikuwa amerudia darasa, ndiyo maana tulisoma chumba kimoja ingawa alikuwa mkubwa wangu, na wote walimwita Gogo. Gogo alikuwa na mkono mwepesi. Hakuna aliyekaa naye dawati moja asionje ngumi yake. Kwa hiyo mwalimu alipowagawia wenzetu walioigiza maseneta, wazee wa baraza la Roma, visu vya mbao wamuue Kaisari, mimi ningekuwa yeye ningefikiri mara mbili.

Visu alivichonga baba. Alikuwa seremala, na mwalimu alikwenda mwenyewe hadi karakana kumwomba. Baba alivipiga msasa mpaka vikawa laini kabisa, asije mtoto wa mtu akachomwa na kibanzi. Ndivyo alivyosema, mtoto wa mtu. Mwalimu alipomsifia mbele ya darasa, kaka na mimi tulitazama chini.

Sisi tuliijua kazi nyingine ya mbao zake. Baba alikuwa na kipande kirefu cha mti mgumu cha kunyooshea mistari, na akirudi nacho nyumbani hali si shwari, kwanza alifunga mlango. Sufuria haikuwekwa mahali pake, mtihani umeharibika, mama amejibu au amenyamaza, sababu haikukosekana. Kaka alinisukuma kwenye kona, akavuta shuka la kitandani, akajifunika gubigubi na kunilalia. Chini ya lile shuka kulikuwa na giza na pumzi zake. Aliyepigwa ni yeye, lakini kila pigo nililisikia likipita mwilini mwake, kama lori linavyotikisa ukuta. Asubuhi mama alitukanda kwa maji ya moto, akatuonya kwamba ya nyumbani hayatoki nje.

Sasa maseneta walikuwa wamemzunguka na wanapiga kwelikweli. Walikuwa wamepanga. Mmoja aliyewahi kung'olewa jino na Gogo alishika kisu kwa mikono miwili, kama anayepasua kuni. Damu ikamtoka kaka puani, ikachuruzika kwenye shuka jeupe alilovikwa kama joho la Kaisari, na mama mmoja nyuma akasema rangi wameiweka vizuri. Baba alikaa mstari wa mbele. Alikuwa anatabasamu, anatazama visu vyake vikifanya kazi.

Kaka angeweza kuwatawanya wote, na mimi nilimngoja awatawanye. Badala yake aliangaza macho kwa watazamaji, akamwona baba. Akashika pindo la shuka, akajifunika kichwa, akajikunja sakafuni.

"Amesoma huyu," mwalimu alininong'oneza kwa furaha. "Sikumfundisha hilo. Kaisari alijifunika hivyohivyo."

Niliruka kutoka juu ya dawati. Chujio likaanguka, bundi akakanyagwa. Nilimpiga kichwa yule wa mikono miwili, nikamng'ata mwingine mkono mpaka nikaonja damu, kisha nikamlalia kaka yangu. Visu viwili vitatu vikanipata mgongoni kabla hawajaelewa. Makofi yakazidi.

Maseneta wakainama kushukuru, wakaondoka. Kaka akanyanyuka polepole, nami nikamshika kiuno. Ndipo baba akaja mbele. Alikuwa na furaha ya kweli, siwezi kumsingizia. Akainua mkono ampigepige mwanawe begani, ampongeze.

Kaka akajifunika shuka, akanivuta chini yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Igizo lilikuwa limekwisha na kila mtu alijua limekwisha. Kupitia kitambaa nilimwona baba, mkono wake bado uko juu, hajui pa kuuweka. Nikasikia viatu vya mwalimu vikija, vikasimama kati yetu na yeye.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "shusha mkono."

Siku ile tulilala kwa shangazi. Mama alitufuata baadaye, cherehani yake kichwani, na hatukurudi tena.

Kaka sasa ana mvi. Akija kulala kwangu namtandikia kitanda mwenyewe, na kila asubuhi nalikuta shuka miguuni, limekunjwa kama nilivyoliacha, hata msimu wa baridi. Nikimuuliza, ananiambia alisikia joto.