Hesabu ya Kuanguka

"Siitoi hiyo nne, Mum. Wewe ndiye uliiweka."

"Na mimi ndiye ninaitoa. Leo huruki mizunguko minne."

"Leo? Nimebakisha dakika arobaini niingie kwenye barafu, ndiyo unakumbuka?"

Walikuwa garini nje ya ukumbi wa mashindano ya kuteleza barafuni mjini Blaine, Januari ya 2015, injini ikinguruma ili wasigande. Peris alikuwa amemwita mwanawe, Cyrus, ili yeye mama amfunge upya bandeji ya nyonga. Aliposhusha ukingo wa suruali akaona damu iliyovilia imeteremka hadi katikati ya paja, nyeusi kama bilinganya. Siku ya Alhamisi damu hiyo haikuwa imefika hapo.

"Ruka mizunguko mitatu mitatu tu, basi. Umalize, turudi nyumbani."

"Nikitoa nne nakuwa wa tisa."

"Uwe wa tisa."

Cyrus alicheka kwa pua. "Wa tisa ni mtazamaji aliyevaa viatu vya barafu. Nani alisema hivyo?"

Peris ndiye aliyesema. Miaka ile, mvulana aliyeruka mizunguko mitatu, hata ateleze kwa madaha namna gani, aliachwa nyuma na wale wa minne. Peris, ambaye kule Meru alikokulia barafu aliijua ya friji tu, alikaa mezani na jedwali la alama na kikokotoo, akalisoma kama anavyosoma dozi za wagonjwa. Mruko wa mizunguko minne: alama kumi na kitu. Ukianguka, majaji wakikata vyote vya kukata, inabaki tano na kitu. Mizunguko mitatu ukitua na kusimama vizuri: nne na kitu.

"Kumbe kuanguka kunalipa," akamwambia mtoto. "Zungusha yote minne, halafu anguka ukitaka."

Mtoto akasikia. Akaanguka mara ishirini kila asubuhi, upande ule ule.

Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomkera Peris. Ila jedwali halikuwa na safu ya nyonga. Na yeye kazi yake ilikuwa nyonga: hospitalini Saint Paul aliwauguza wazee waliovunjika nyonga, akiwafundisha kupanda ngazi tena. Alhamisi alimwona Cyrus akishuka ngazi za nyumbani kama wao, miguu yote miwili kwenye kila kidato, mkono haubanduki kwenye reli. Akaweka vidonge viwili vya maumivu kando ya bakuli la uji. Kocha alipouliza mbona kijana anachechemea, Peris akajibu haraka, "Alilala vibaya."

"Ukisimama vizuri kwenye tatu, inatosha," alisema sasa.

"Novemba nilisimama kwenye miruko yote. Watu wakainuka kunipigia makofi. Ukaniuliza nini tulipoingia gari hili?"

Alimwuliza amepata alama ngapi. Peris alitazama usukani.

"Inauma?" aliuliza.

Kwa wiki tatu alikuwa akimwuliza, "Unaweza?" Hili la maumivu hakuwa amewahi kuliuliza.

Cyrus alikuwa akijibu kwa Kiingereza muda wote, kama kawaida yake. Sasa akageukia dirisha, akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Siwezi kulalia upande huu. Hata kukohoa inauma."

Peris akazima gari. "Kaa hapa."

"Mum, usi—"

"Cyrus Gitonga, kaa hapa."

Kocha Natasha alikuwa kando ya uzio wa barafu, kikombe cha kahawa mkononi. Peris hakumsalimu.

"Nilikudanganya. Hakulala vibaya. Ana wiki tatu na jeraha la nyonga, mimi ndiye namfunga bandeji na kumpa dawa. Mimi ni muuguzi, na nilijua."

Natasha alikiweka kikombe chini. "Ningemsimamisha siku ya kwanza," kocha akasema.

"Najua. Ndiyo maana sikukwambia."

Akaenda mwenyewe kwenye meza ya waandalizi. "Cyrus Gitonga amejiondoa. Mimi ni mamake." Hakubanduka hapo hadi kalamu ilipopita juu ya jina.

Garini Cyrus alimtazama usoni akaelewa. Akafunika kichwa kwa koti lake la mashindano, mabega yakitikisika. Peris aliona kumwambia pole ni kitu chepesi mno. Akamvutia mkanda, akaufunga, akawasha gari na kushika njia ya hospitali, ili nyonga ipigwe eksirei.