Tone la Buluu

Simu iliita tena, ikabidi mchoraji aombe radhi na kuipokea palepale kwenye meza ya kikao. Ukutani ulikuwa umeangazwa ukurasa mpya wa tovuti ya hospitali, ambao tayari ulikuwa umeanza kutumika, na juu yake alama za buluu alizozichora mwenyewe. Meneja, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Safi kwa jinsi alivyochukia kurasa zenye maneno mengi, ndiyo kwanza alikuwa akizisifia mbele ya wakuu wa hospitali.

"Shemeji, mdogo wako anavuja damu!" Alikuwa mume wa mdogo wake. "Amejifungua salama, mtoto hana neno, ila damu haikati. Nesi anasema damu ya akiba iliyopo haitoshi, niombe wachangiaji kwenye tovuti yao. Sioni pa kuombea!"

"Umeufungua ukurasa wa kwanza?"

"Nauzunguka tu kama mwehu. Nimebonyeza moyo, nikapelekwa kliniki ya moyo. Nimebonyeza alama ya kujumlisha, naulizwa habari za bima."

"Bonyeza tone."

"Tone gani?"

"Tone, shemeji! Chini kabisa, la mwisho."

"Hilo la maji?"

Mchoraji aliinua macho ukutani. Tone lilikuwa la buluu kama alama nyingine zote, maana Bwana Safi hakutaka rangi ya pili. Chini yake palikuwa na maneno "Omba damu", lakini mchoraji aliyafuta kwa mkono wake mwenyewe ili ukurasa usibanane.

"Si maji. Ni damu. Bonyeza."

"Nilidhani ni mambo ya bili ya maji," shemeji alisema. "Nimelipita sijui mara ngapi."

Mchoraji alimwongoza taratibu: namba ya mgonjwa, ile iliyo kwenye utepe aliofungwa mkononi, kundi la damu, wodi. Shemeji alikosea namba, ikabidi aanze upya.

"Wanasema ombi limepokelewa." Akavuta pumzi. "Hivi nani aliyechora vitu hivi?"

"Mimi."

Simu ikakatika. Hakujua kama imekatika yenyewe au amekatiwa.

Alivuta kompyuta, na mbele ya wote akalipaka tone rangi nyekundu, akarudisha maneno chini ya kila alama.

"Nyekundu itaharibu ukurasa," Bwana Safi alisema kwa sauti ya chini. "Hilo tungelijadili kwanza."

"Mwache amalize," mkuu wa wauguzi alimkata. "Na ukurasa huo urushwe hewani sasa hivi."

Mchoraji alipofika hospitalini, shemeji alikuwa ameegemea mlango wa chumba cha upasuaji, shati limelowa jasho. Hakumwamkia. Wachangiaji walioliona ombi walikuwa wameanza kuingia mmoja mmoja chumba cha jirani cha kutolea damu, watu wasiomjua mdogo wake hata kwa sura, wakikunja mikono ya mashati. Kila mlango wa upasuaji ulipofunguliwa, mchoraji aliinuka.

Kukaa bure kulimshinda. Alimgeukia mama mmoja aliyeketi naye kwenye benchi, akafunika maneno kwa kidole na kumwonyesha tone jekundu kwenye simu. "Mama, hiki ni nini?"

Mama alikodoa macho. "Pilipili?"

Akaondoa kidole.

"Ahaa, omba damu! Sasa mwanangu, maneno ulikuwa unayaficha ya nini?"



Jioni daktari alitoka, barakoa imeshushwa hadi kidevuni. Damu imekata. Mgonjwa amechoka sana, lakini amefumbua macho na kuuliza mtoto yuko wapi. Shemeji aliteleza ukutani mpaka sakafuni, akalia waziwazi. Mchoraji aliketi kando yake, asijue amguse au amwache.

"Nilikukasirikia," shemeji alisema baadaye, akitazama viatu vyake. "Bado sijatulia."

"Najua."

Nesi alileta mtoto, amefungwa vizuri kwenye shuka. Shemeji alimpokea, akamtazama kitambo, kisha akamweka mikononi mwa mchoraji.

"Mshike mama yako mkubwa," alimwambia mtoto. "Mimi naenda kumwona mama yako."