Ndiyo au Hapana

Shemeji alikuwa na kawaida moja: kompyuta ikimuuliza jambo la kutilia shaka, alibonyeza N. Kwenye programu zote alizojifunzia, N ilikuwa ya kukataa, na kukataa kulikuwa hakujamtia matatani hata siku moja.

"Bonyeza tu, haing'ati," mke wa kaka yake alimtania asubuhi hiyo. Yeye ndiye mwenye ofisi, vyumba viwili juu ya duka la miwani, na ndiye aliyeandika programu ya kuanzishia tovuti. Unaandika amri moja kwenye dirisha jeusi, inakuuliza jina la mradi, kisha inakupangia mafaili yote yenyewe. Juzi tu alikuwa ameitafsiri kwa Kiswahili, na jamani, alijivuna nayo!

Tovuti ya shule ya udereva ilikuwa kazi ya kwanza ya shemeji peke yake, wiki tatu za kuumiza kichwa. Mwenye shule angekuja saa nne kuiona. Akiridhika, shemeji anaajiriwa. Asiporidhika, akatafute kwingine. Ndivyo walivyokubaliana, undugu pembeni.

Saa tatu na nusu, kwa kuwa alishamaliza, shemeji akaanzisha kazi nyingine, ya shule ya ushonaji. Akauita mradi "shule", jina lile lile aliloupa ule wa kwanza. Programu ikauliza: *Folda hii ipo tayari. Nifute vilivyomo? N/H.*

Akasoma taratibu, neno kwa neno. Kufuta? Thubutu! Akabonyeza N.

Folda ikawa tupu, na tovuti ya udereva haikuwa na nakala nyingine.

"Shemeji," akaita kwa sauti ndogo, "nimekataa, lakini imefuta."

Mwenye ofisi akaja, akatazama, akaelewa. N ya Ndiyo, H ya Hapana, si ile N ya "No" ya Kiingereza. Alikuwa ametafsiri mpaka herufi, na hakumwambia mtu.

"Basi nimebonyeza vibaya," shemeji akasema. "Haraka zangu hizi. Nisamehe."

Hapo ndipo mwenye ofisi alipopaswa kusema ukweli. Mlango ukagongwa, mwenye shule akaingia akitabasamu, na mwenye ofisi akamwomba radhi: mfanyakazi amepitiwa, kazi imepotea. Aliona aibu, tena kubwa.

Jioni shemeji akachukua chaja yake na kikombe chake, akaaga kwa adabu. Alipoondoka, mwenye ofisi akaifungua programu, akalibadilisha swali lile ili lidai neno zima, ndiyo au hapana. Palipotakiwa maelezo ya mabadiliko akaandika: *Marekebisho madogo.*