Godoro la Bi Farida

Najma hakuwahi kunyoosha mkono kwenye mkutano wowote wa kiwanda, na siku ile ya bima hakukusudia kuanza. Alikaa nyuma kabisa, karibu na cherehani yake, mikono kaificha ndani ya mtandio kama mtu anayesikia baridi, ingawa jua la Chang'ombe lilikuwa linawaka mpaka mabati ya kiwanda yanalia.

Mwanawe Twaha ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Kiwandani wachache walilijua hilo, tena kwa kusikiasikia, maana mama mtu si msemaji. Bima ya kazini ndiyo iliyompeleka mtoto kliniki na kumpatia dawa. Siku akibanwa na maumivu, bima hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa hospitali, mama yake asianze kwanza kupigia ndugu simu za kuomba. Na leo bima yenyewe ndiyo ilikuwa inajadiliwa.

"Kampuni ya bima imepandisha bei," alisema Gozbert, ofisa utumishi, mtu mpole ambaye kabla ya kutoa habari mbaya hutoa leso. "Tajiri anasema hawezi kuibeba nyongeza yote. Njia ni mbili. Ama kila mmoja akatwe zaidi kidogo, tajiri naye aongeze, bima ibaki kama ilivyo. Ama wategemezi waondolewe, abaki mfanyakazi mwenyewe, na makato yapungue. Mchague nyie. Wanaotaka familia zibaki watasimama upande wa cherehani. Wasiotaka, kule kwenye lango la kupakilia."

Sebastian, kiongozi wa vijana wa kupakia magodoro, alisimama kabla hajaruhusiwa. Ni pande la mtu, mabega kama mlango wa lori.

"Mie sina mke, sina mtoto. Tangu nitoke Tabora sijameza hata kidonge cha kichwa. Leo nikatwe mshahara ili mtoto wa mtu akapigwe sindano? Kila mtu abebe mzigo wake, kama sie tunavyobeba magodoro!"

"Sema, braza!" wenzake wakapiga makofi.

"Halafu serikali si inaleta bima kwa wote?" akadakia Isack, mpakiaji mwenzake. "Tuisubiri hiyo."

"Ugonjwa nao umeuambia usubiri?" akauliza mama mmoja wa upande wa kushona. Akazomewa.

Maneno yakaenda, yakarudi. Wengine walisema mwenye watoto kajitakia. Wengine wakajibu kwamba kijana wa leo ndiye mgonjwa wa kesho. Najma alikuwa anawatazama wapakiaji. Walikuwa wengi, na wakielekea langoni wote, Twaha katoka. Alikuwa na sentensi moja tayari mdomoni, "Jamani, mimi nina mtoto", lakini kila alipoifikisha kwenye meno, ilirudi tumboni.

Ndipo Bi Farida alipoinuka.

Bi Farida ni Mzaramo, kazaliwa na kukulia Temeke, mkaguzi wa mishono. Hakuna uzi uliolegea utakaompita. Ni mjane, na mwanawe wa pekee, Anwar, ni mtu mzima anayefanya kazi Muscat. Mtegemezi hana hata mmoja. Makato yakipungua, naye anapata nafuu.

"Najma," akaita, "nivutie hilo godoro."

Najma akalivuta godoro jipya, bado limo ndani ya nailoni, hadi katikati ya sakafu. Bi Farida akavua kandambili, akajilaza chali, akafumba macho.

"Mtani! Mtani Mnyamwezi wee! Mwenzio nimeanguka. Mie ndo mama yako, umenileta hospitali. Mapokezi wanataka hela ya kuanzia. Toa!"

Kiwanda kizima kikaangua kicheko. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kujilaza kaburini siku ya msiba, na hatoki mpaka alipwe. Ukimkasirikia, aibu ni yako.

"Amka, mtani, utatuchafulia mali ya tajiri," alisema Sebastian, akijikaza asicheke.

"Siamki. Toa."

Sebastian akajipapasa mifukoni, akatoa sarafu.

"Hii ya kununua karanga," alisema Bi Farida. "Wapitie na wenzio. Si mnajua kubeba mizigo yenu?"

Basi Sebastian akavua kofia, akawapitishia wenzake. Kila aliyetumbukiza kitu alitumbukiza na neno.

"Mwezi haujaisha, bi mkubwa. Jitahidi kufa polepole!"

"Mpeni maji ya ndimu, inatosha!"

Kofia ikarudi. Bi Farida akafumbua jicho moja, akachungulia ndani.

"Kwa hizi nimeandikwa jina tu. Kitanda bado, dawa bado. Na nani ananiuguza? Mbona nimetupwa kama furushi la stendi?"

Hakuna aliyesogea. Najma mwenyewe hakujua miguu ilimfikishaje pale. Alipiga magoti, akapitisha mkono chini ya kisogo cha Bi Farida, akamwinua kidogo, akamnywesha maji ya chupa, funda baada ya funda. Kwa mkono mwingine akaanza kumkanda miguu, kutoka gotini kushuka chini, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu.

"Usibane meno," alinong'ona. "Vuta pumzi. Mama nipo hapa. Kunywa tena, baba."

Alikuwa amewasahau watu. Kicheko kikakatika kama uzi. Hata Gozbert aliacha leso usoni, haifuti wala haishuki.

Sebastian akachuchumaa karibu. "Dada Najma. Mwanao huwaga hivi?"

"Akibanwa, ndo hivi. Mpaka tufike hospitali."

"Mkifika?"

"Wanampokea."

Sebastian akajikuna kidevu, akamgeukia mtani wake.

"Na wewe, Anwar yuko Muscat anakula haluwa. Bima ya wategemezi inakuhusu nini?"

"Hainihusu kitu," alijibu Bi Farida, macho bado kafumba. "Ndo maana nimelala mie. Wenye wagonjwa wamechoka, hata kelele hawana. Haya, hela zenu hazijatosha. Nipelekeni hospitali ile kule." Akaonyesha kwa mdomo upande wa cherehani. "Kule wanapokea."

Sebastian akatikisa kichwa, kisha akapiga mluzi. Wapakiaji wakaja mbio, kila mmoja akashika pembe.

"Uuuh! Mtani unakula nini?"

"Huo ni ugonjwa, mwanangu. Tembea."

Wakamvusha sakafu nzima, yeye kalala juu kama bibi harusi, watu wanapiga vigelegele, wakamtua mbele ya cherehani.

"Basi," alisema Gozbert, "kila mtu aende upande wake."

Wapakiaji wakatazama lango, mbali kule. Isack akaanza kurudi. Nyuma yake Sebastian akaketi ukingoni mwa godoro, akajifuta jasho.

"Nenda tu, Isack. Mie mgonjwa wangu bado hajapona."

Isack akasimama katikati, akatazama huku, akatazama kule, akageuka kuwafuata wenzake kwenye godoro. Wapo waliokwenda langoni, na hakuna aliyewasema. Mshahara ni wao. Lakini upande wa cherehani ulijaa mpaka watu wakaegemea mashine, na Gozbert hakuhitaji kuhesabu. Bima ilibaki na watoto wake.

Bi Farida akaamka, akajifunga khanga sawasawa, akamimina hela za kofia kwenye pindo na kupiga fundo.

"We mtani, rudisha!" Sebastian akapiga kelele.

"Mgonjwa kapona, unataka chenji?"

Najma alikuwa amelifuata godoro, kapiga magoti tena kando yake, anatafuta neno la shukrani lenye ukubwa unaostahili. Bi Farida hakumpa nafasi.

"Umeninywesha maji kama mche wa mnazi," alisema. "Nishikie meza yangu, nikimbie chooni."

Najma akacheka, kicheko cha sauti ambacho kiwanda hakijawahi kukisikia. Akaenda kuketi kwenye kiti cha mkaguzi, akavuta kava la kwanza, akaanza kutafuta uzi uliolegea.