Barua za Mwalimu Walmsley

Katika kikao cha kwanza cha kupanga kesi ya uwanja, Rowland Peck alipiga meza ya baa kwa kiganja akasema kesi ile ni yetu. "Miaka ishirini! Nani kijijini hapa hajatembeza mbwa kwenye Uwanja wa Bukini? Anyooshe mkono nimcheke."

Hakuna aliyenyoosha. Chuo Kikuu kilianza na majengo mawili ya matofali nyuma ya kanisa letu, kikatambaa kama mmea wa maboga, kikala mashamba ya viazi, na sasa kilitaka kujenga maabara juu ya uwanja ambao watoto wetu wote walijifunzia mpira. Uwanja ni mali ya Chuo, hilo hatukubisha. Lakini sheria yetu ina uchokozi wake. Wanakijiji wakitumia ardhi ya mtu miaka ishirini hadharani, bila ugomvi wala ruhusa, inakuwa uwanja wa kijiji na haijengwi tena. Wakiomba ruhusa, basi wamekiri kwamba wao ni wageni tu.

"Kwa maneno mengine," akasema Peck, "safari hii mkorofi ndiye mwenye haki."

Tulicheka wote isipokuwa Bi Hester Walmsley. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, alitufundisha sote kusoma, na sijawahi kumwona akiruka foleni hata ya watu wawili. Mimi nilikuwa tarishi wa posta hadi nilipostaafu, kwa hiyo nilijua kwa nini hakucheka. Kila Aprili aliwaandikia Chuo barua kuomba uwanja kwa sherehe ya Juni, "na kwa mbwa na watoto mwaka mzima, kama haitawasumbua." Barua nilizipeleka mimi kwa baiskeli, na majibu nilileta mimi. "Karibuni sana," walimjibu kila mwaka, naye alinisomea mlangoni kwa furaha.

Nilimfuata nje. "Mwalimu, zile barua..."

"Nazikumbuka, Percy."

"Chuo kimehama ofisi mara tatu. Wangekuwa nazo wangeshazitoa."

"Na majibu yao niliyachoma nilipohamia nyumba ya sasa."

"Basi nani atajua?"

Alinitazama kama alivyonitazama nikiwa na miaka saba, mikono imejaa wino. "Wewe na mimi," akasema, akaenda zake.

Kesi ilisikilizwa Novemba katika ukumbi wa kijiji, birika kubwa la chai likichemka pembeni. Mwamuzi alikuwa mwanasheria mwembamba mwenye mafua. Wakili wa Chuo, msichana mpole, alimuuliza kila shahidi swali lile lile: uliomba ruhusa?

"Kuomba?" Peck akajibu. "Mimi simwombi hata mke wangu!" Ukumbi ukaangua kicheko.

Zamu yangu ikafika. "Bwana Gadd, unamjua mtu yeyote aliyewahi kuomba ruhusa?"

"Sikumbuki," nikasema, macho yangu kwenye sahani ya biskuti.

Kisha akaitwa Bi Hester. Wakili aliuonea huruma uzee wake, akamuuliza mambo mawili matatu kuhusu mbio za watoto wa shule, akamwambia anaweza kurudi kuketi. Hakurudi.

"Hujaniuliza kuhusu ruhusa, mwanangu."

"Bibi, nadhani si lazima..."

"Ni lazima. Niliomba. Kila mwaka, kwa miaka ishirini na mitatu, na mlinikubalia."

Peck akasimama. "Mwalimu, keti! Umri huo, unachanganya mambo!" Nilimwelewa. Alikuwa anamfungulia mlango wa kutokea.

"Sichanganyi, Rowland. Na usipige kelele ndani."

Mwamuzi akafuta pua, akauliza kama ana uthibitisho wowote.

"Sina. Nina neno langu tu."

Alisimama pale peke yake, mkoba ameukumbatia, kijiji kizima kikimkodolea macho. Siku ile nilimpenda kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na nilijionea aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikainuka. "Nilizipeleka mimi," nikasema.

"Nusu saa iliyopita hukukumbuka, Bwana Gadd," akasema wakili.

"Sasa nimekumbuka."

Februari tulipata barua kwamba tumeshindwa. Peck aliitangazia baa nzima kwamba adabu ndiyo iliyotuponza, na kwamba hatamsemesha yule mwanamke hadi mmoja wao azikwe. Wengi walimuunga mkono. Mei wakaja watu wa Chuo na uzio wa mabati. Nilimuuliza Bi Hester kama anajuta.

"Sana," akasema. "Nikiuona ule uzio nalia. Wewe ulidhani nini?"

Mwezi Julai nilikuwa napunguza ua wa miti unaotenganisha nyumba yangu na yake, nikamwona Peck akija na koti lake la kanisani, bahasha kwapani. Akasimama kwenye geti la Bi Hester.

"Sijakusamehe, mwalimu."

"Sijakuomba unisamehe, Rowland."

Akakohoa. "Daktari ameona kitu kwenye pafu. Nimeandika wosia. Wanangu unawajua, watatu wale hawawezi kugawana hata keki. Nataka msimamizi uwe wewe."

"Mimi? Nina miaka themanini na miwili!"

"Basi jitahidi usinitangulie."

Bi Hester akafungua geti. "Ingia. Futa viatu."

Peck alipogeuka kuingia akaniona juu ya ua, mkasi mkononi. Tumekunywa bia pamoja miaka arobaini. Nina miaka sitini na sita, afya njema, na siku ile nilikuwa hatua kumi kutoka alipokuwa. Akaniamkia kwa adabu, akamfuata mwalimu ndani.