Kiti cha Mbele

Ruth alianza kuuogopa mguu wake wa kushoto Jumapili kanisani, watu waliposimama kuimba. Shavu la mguu lilivuta, kama kamba iliyolowa maji ambayo sasa inakauka. Alikaa kabla wimbo haujaisha. Mchungaji alipowaomba waumini wamkumbuke Ng'oto Lemein, mama yake Lemein, ambaye Alhamisi angepanda ndege kwenda Amerika kumwona binti yake, kanisa zima liligeuka kumtazama kwa tabasamu. Naye akatabasamu. Chini ya shuka mkono wake ulikuwa umelishika lile shavu la mguu, na lilikuwa na joto.

Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Miaka miwili nyuma alivunjika kifundo akifukuza mbuzi, akafungwa plasta, na damu ikaganda mguuni. Kipande kikamegeka kikapanda hadi mapafuni. Jirani alimkimbiza hospitali ya Kajiado kwa pikapu yake, Ruth amelala nyuma juu ya magunia, mdomo wazi, hewa imejaa dunia nzima na yeye haipati. Alipona. Lakini tangu siku ile, kila alipopanda kilima akahema kidogo, moyo wake ulirudi kwenye yale magunia.

Na sasa ndege. Tena si ya saa moja au mbili, ni ya mchana na usiku, mpaka Minneapolis.

Safari hii ilikuwa ya Soipan, binti yake wa mwisho. Soipan alikuwa amepoteza mimba mbili huko ughaibuni. Hii ya tatu ilikuwa imeshika, lakini presha yake ilipanda na madaktari walikuwa wameshapanga kumpasua. Timothy, mume wake, aliendesha malori ya masafa marefu, leo jimbo hili, kesho lile. Soipan alipiga simu akasema, "Yeyo, mama yangu, nakutaka hapa. Sitaki mtu mwingine."

Lemein, kifungua mimba wa Ruth, alikuwa daktari wa mifugo katika kampuni ya chanjo. Kwa miaka mingi alizungushwa kwenye mikutano ya huku na huko, na kila safari shirika la ndege lilimwekea pointi. Wenzake walizitumia kwenda likizo na wake zao. Yeye alizilimbikiza tu, kama mtu anayefuga bila kujua atachinja lini, mpaka siku ile Soipan alipopiga simu. Hapo alikaa na kompyuta jioni baada ya jioni. Viti vya mbele ambavyo shirika linawaachia wenye pointi ni vichache, vinatokea na kupotea. Alipokipata kimoja, cha Alhamisi, alipiga kelele mpaka mke wake akatoka jikoni na mwiko.

Jumamosi baada ya kukipata alikwenda Kajiado kumwonyesha mama yake picha. "Ni bizines klasi, Yeyo. Angalia. Unabonyeza hapa, kiti kinanyooka, kinakuwa kitanda. Utalala miguu juu kama uko kwako. Damu haitaganda."

Daktari wa kliniki alikuwa amesema mengine pia: kwamba anaweza kusafiri akiwa mzima, avae soksi za kubana, anywe maji, ainuke atembee kila mara. Lakini katika yote hayo familia ilishika kitanda. Ruth mwenyewe alishika kitanda. Alikiota. Na sasa, Jumapili, mguu ulikuwa unawaka.

Hakumwambia mtu. Jumatatu Lemein alikuja kumchukua, akamleta Kitengela, kwenye nyumba yao ya kupanga ghorofa ya nne. Ruth alipanda ngazi akisimama kila kona na kujifanya anatazama nje.

"Hapa naona mpaka kwa simba," alisema, akielekeza kidole upande wa mbuga, na Lemein akacheka, begi la mama begani.

Siku zile mbili alikaa kwenye kochi, shuka limefunika magoti, na hofu mbili zikimvuta huku na huku. Akisema, kiti kitapotea, na Soipan atalala juu ya meza ya wazungu bila mkono wa mtu wake. Asiposema, atapanda. Akapanda, basi atakuwa juu ya bahari ambayo hajawahi kuiona hata kwa chini, amelazwa kwenye kile kitanda kizuri, na hewa itaanza kupungua, na watu wote watakuwa wamelala. Kufa kwenyewe hakukumtisha sana. Lililomtisha ni Soipan na tumbo lake, amesimama mlangoni uwanja wa ndege wa kule. Mlango unafunguka, abiria wanatoka mmoja mmoja na mabegi yao, wanaisha, na mlango unajifunga.

Jumatano mchana Elsie, mke wa Lemein, alirudi kutoka shule anakofundisha akiwa na zile soksi mpya. Elsie alitoka kwa Wabukusu, kule Kimilili. Siku ya harusi Ruth alimpa mtamba, na tangu hapo waliitana Pakiteng, kama wanavyoitana Wamaasai waliopeana ng'ombe.

"Pakiteng, lete miguu tujaribu," alisema, akachuchumaa.

Mguu wa kulia uliingia kwa shida kidogo. Wa kushoto ulikataa kabisa. Elsie alivuta, akapumzika, akavuta tena. Kisha akaacha kuvuta. Aliliondoa shuka magotini, akaiweka miguu yote miwili sambamba.

"Nilikula chumvi mingi," Ruth alisema.

Elsie alibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kilipotoka, shimo lilibaki.

"Tangu lini?"

"Itashuka. Nikilala inashuka."

"Tangu lini, Mama?" Hakumwita Pakiteng tena, na Ruth alilisikia pengo hilo.

"Tangu kanisa. Elsie, nisikize. Usimwambie Lemein. Ile kiti ni kitanda. Nitalala mpaka kule, nishuke, nimwone mtoto wangu, halafu watanitibu hukohuko. Si wako na hospitali kubwa?"

"Na kama hufiki?"

"Lemein alisema nikilala—"

"Lemein ni daktari ya ng'ombe!" Elsie aliinuka. Soksi ilikuwa bado mkononi. "Nikinyamaza, ufike salama, sawa, hakuna atakayejua. Lakini usipofika, mimi ndiye nilikuvalisha soksi. Nitakaa na hiyo aje, Mama? Nitamwangalia bwana yangu na macho gani?"

"Unataka Soipan apasuliwe peke yake?"

"Usiniulize hivyo. Hata mimi naogopa."

Ruth aliona maneno hayatoshi. Akaamua kumwonyesha kwamba anaweza kutembea. Alijiinua, akakaza uso, akaenda mpaka dirishani bila kushika kitu, akageuka. Alikuwa amefungua mdomo aseme, unaona? Hapo kitu kikamchoma ubavuni, chini ya titi, chembamba kama mwiba wa mgunga. Alivuta pumzi, nayo ikafika nusu ya njia, ikakwama pale.

Alimtazama Elsie. Ubishi wote ulikuwa umemtoka.

"Kifua," alisema.

Kumshusha ghorofa nne ilikuwa kazi. Elsie alimpigia Lemein, kisha akamgongea Musau, jirani wa chini ambaye ni fundi wa milango, na pamoja wakamkalisha Ruth kwenye kiti cha plastiki wakambeba kama bibi harusi. Ruth alishika shingo ya Musau, na katika kila ngazi alisubiri hewa iishe. Haikuisha. Ilikuja kidogo kidogo. Aliihesabia baraka kila ilipokuja, na akaiogopa ijayo.

Hospitalini walimwekea oksijeni, wakampitisha kwenye mashine moja, kisha nyingine. Lemein alifika na gamboti za kazini, bado ana harufu ya dawa ya kuogesha ng'ombe. Daktari aliyemhudumia, mwanamke wa makamo aliyeitwa Nzilani, aliwaeleza wakiwa wamezunguka kitanda. Donge la damu lilikuwa pajani, kubwa. Vipande vidogo vilikuwa vimeshafika mapafuni, ila wamewahi.

"Kesho alikuwa asafiri," Lemein alisema. "Kiti chenyewe kinalala, daktari. Kabisa. Nilidhani…"

"Kiti kizuri si vibaya. Lakini donge likishaingia kwa mguu, halijui kama umekaa mbele au nyuma. Mama hapandi ndege. Si kesho, si wiki ijayo."

Lemein aligeuka akatazama ukuta. Mabega yake yalipanda na kushuka. Muuguzi alimchoma Ruth sindano ya tumbo, na Ruth hakuisikia.

"Nani ataenda?" aliuliza.

"Tutaongea na Soipan. Timothy aombe ruhusa."

"Timothy amepewa siku mbili tu, na hiyo Jumatatu ya kumpasua ikibadilika atakuwa barabarani. Wewe uko na visa."

"Mimi?" Lemein aligeuka. "Yeyo, mwanaume? Nikafanye nini kwa nyumba ya mzazi?"

"Umevuta ndama wangapi?"

"Dada yangu si ng'ombe."

"Ndiyo maana sitaki umvute. Nataka ukae hapo karibu. Ukoroge uji. Akilia, awe analia na mtu wa kwao." Alisimama kupumua. "Mpe ile kiti yangu, mpe Lemein," aliongeza, akimwangalia Elsie kana kwamba kiti kilikuwa nyumbani, sebuleni, na ni suala la kukisogeza.

Lemein alipiga simu palepale, simu ikiwa kwenye spika. Sauti ya msichana ilimweleza kwa upole kwamba kiti cha pointi hakibadilishwi jina. Itabidi safari ya mama ifutwe, pointi zirudi, halafu aombe upya kwa jina lake. Na je, kiti kile kitakuwepo? Hapo msichana hakuahidi. Kikishaachiwa, mfumo unaweza kukirudisha kwa wenye pointi, au unaweza kukizuia.

"Futa," Ruth alisema kutoka kitandani.

"Yeyo, kikipotea?"

"Futa."

Akafuta. Walisikia vidole vya msichana vikigonga. Elsie alikuwa amefunga macho, midomo ikicheza. Vidole viligonga tena, vikanyamaza.

"Samahani, bwana. Mbele hakipo tena. Kinachofuata ni cha mwisho wa wiki ijayo. Nyuma kipo kimoja, ndege ileile ya kesho, katikati ya wengine wawili. Naona ni safari ndefu, na umekuwa mteja wetu wa siku nyingi. Ungependa kusubiri cha mbele?"

Lemein ni mrefu kupita watu wengi wa ukoo wao. Alimtazama mama yake aliyefungwa mipira puani. Mwisho wa wiki ijayo Soipan angekuwa ameshapasuliwa.

"Nipe cha nyuma," alisema.

Jioni ileile Ruth alimpigia Soipan mwenyewe. Hakutaka apewe habari na mtu mwingine. Alimweleza yote, mguu, kanisa, soksi.

"Ulijua tangu Jumapili," Soipan alisema.

"Nilijua."

"Ukanyamaza. Ulitaka kuja kufia kwa mlango yangu, Yeyo? Ndiyo zawadi ulikuwa unaniletea?" Sauti yake ilipasuka, akakata simu.

Alhamisi jioni Lemein aliondoka. Ndege za kutoka Nairobi huwa bado ziko chini zinapopita Kitengela, na kila moja ilipounguruma juu ya paa la wodi Ruth alishika chuma cha kitanda. Wiki nzima aliogopa kwa ajili ya mtu mmoja. Sasa walikuwa watatu: mwanawe hewani, binti yake kule, na yeye mwenyewe anayesikiliza kifua chake kama mtu anayesikiliza mlango. Soipan hakupiga. Ijumaa nzima hakupiga. Lemein aliandika kwamba amefika, magoti yamekufa, na kwamba Soipan amemfungulia mlango akamlilia kifuani.

Jumapili asubuhi Elsie alikuwa anamlisha uji simu ilipoita. Alikuwa Lemein, na alikuwa analia. Ruth hakuwa amemsikia akilia tangu utotoni; hata siku ya kutahiriwa hakulia.

"Presha ilipanda ghafla," alisema. "Wakampasua usiku huu, hawakungoja Jumatatu. Timothy yuko barabarani, hajafika. Mtoto ametoka, yuko hai, ni msichana, wamemweka kwa kisanduku cha joto. Lakini Soipan anatoka damu, Yeyo. Wamenifukuza nje. Alikuwa ameshika mkono yangu, wakamtoa vidole kimoja kimoja."

"Simama mlangoni," Ruth alisema. "Usikae chini. Simama."

Simu ilikatika. Elsie aliweka bakuli sakafuni, akapanda kitandani kando yake, jambo ambalo muuguzi alilikataza na kisha akajifanya hakuliona. Uji uliganda. Watu walitoka kanisani, sauti zao zikasikika barabarani, zikapita. Ruth hakuomba kwa maneno. Alikuwa ameishiwa maneno. Alimshika Elsie mkono na wote wawili wakaitazama simu iliyolala juu ya blanketi kama kitu kinachoweza kuuma.

Ilipoita, haikuwa sauti ya Lemein.

"Yeyo." Ilikuwa ndogo, ya mbali, imekauka. "Wamenishona."

Ruth aliibana simu sikioni.

"Bado nimekukasirikia," Soipan alisema.

"Nikasirikie."

"Bado sana. Ukipona ndiyo nitakuambia vizuri."

"Sawa. Mtoto anafanana na nani?"

Ruth akasikia mashine zikilia kule, na kikohozi cha Lemein.

"Kwa sasa anafanana na panya."

Ruth alicheka. Kicheko kilimchoma ubavuni palepale pa Jumatano, hofu ikamrudia yote kwa mara moja, akajishika kifua kwa mkono mmoja. Elsie aliinuka nusu, tayari kumwita muuguzi. Ruth alimtikisia kichwa, simu bado sikioni, akaendelea kucheka polepole, kwa uangalifu, akivuta hewa kidogo kidogo.