Kamati ya Mashabiki wa Radi Kavu

Susan, au Mama Ciku kama tumwitavyo, muuza mitumba wa Kiritiri, alipopata habari kwamba wapiga filamu wanakuja kutoka Nairobi kuwahoji mashabiki wa Radi Kavu, ile bendi ya roki iliyowahi kutikisa nchi nzima, usingizi ulimpaa. Nyimbo zao zote alizijua tangu shuleni. Alitaka jambo moja tu: kusimama mbele ya kamera aseme jinsi nyimbo hizo zilivyomwinua alipofiwa na mumewe.

Kosa lake ni kuwaambia watu. Kwetu huku hata chai ya watu watatu huundiwa kamati. Jioni hiyohiyo uenyekiti akapewa Mzee Njuki, mwenyekiti wa matanga, wa harusi na wa mradi wa maji yasiyofika. Radi Kavu hakuwahi kuisikia maishani, lakini alikuwa na koti, na mwenye koti haulizwi maswali. Susan akawekwa kwa chai.

Siku ya siku, Linda, mwelekezi wa filamu, aliwasihi mashabiki waruke na kupiga mayowe. Badala yake akaombewa. Pasta aliombea kamera, gari na wazazi wa Linda. Kisha Njuki akasimama, akatambulisha wageni, akatambulisha waliotuma udhuru, na waliochelewa akawatambulisha upya.

"Mwenyekiti, na mimi niongee kidogo tu," Susan alinong'ona, birika mkononi.

"Mama Ciku, lazima tufuate protocol. Wewe tumekuweka kwa vote of thanks, utoe shukrani mwishoni."

Jua likazama Njuki akiwa bado kwenye historia ya kamati. Linda akafungasha vifaa vyake, akaenda zake.

Filamu ilionyeshwa mjini Embu. Njuki alijaa ukuta mzima, sauti nzito ya msimulizi ikimwita shabiki sugu, roho ya Radi Kavu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Susan naye alikuwamo: mkono, birika, kikombe. Uso wake haukuonekana popote, na hilo lilimuuma mno.

Mwishoni ukapigwa wimbo wa bendi yenyewe. Susan akainuka peke yake, akauimba kwa sauti yake yote.

Njuki akamvuta leso. "Mama Ciku, keti chini! Unatuaibisha mbele ya mashabiki!"

Hakuketi. Aliimba mpaka neno la mwisho, machozi yakimtiririka, huku simu zote ukumbini zikimpiga picha Njuki.